Mabadiliko Kazini Yasimsahau Mtu



Taasisi inapounganishwa na nyingine au kupunguza watu, wakubwa huzungumzia ufanisi. Mfanyakazi huwaza kodi ya nyumba na ada ya watoto. Usingizi humpaa, na hasira yake huiangukia familia.

Twaona kwamba kinachowatesa wengi kuliko mabadiliko yenyewe ni ukimya. Penye ukimya, uvumi hutawala. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu na kushauriana nao au wawakilishi wao. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kuwa thamani ya kazi hutokana na mtu anayeitenda.

Basi, enyi waajiri waamini, semeni ukweli mapema, hata ukiwa mchungu. Nanyi mlio na hofu, msiibebe peke yenu. Ifikisheni kwa wenzi wenu na katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Maana jumuiya isiyojua ni nani kati yake aliyepoteza kazi, yamwombea nani?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.