MRADI WA SAYANSI USIPIME MFUKO WA MZAZI



Mwenzetu mmoja, mkata miwa wa upande wa Awendo, alikuja ofisini akiwa na karatasi iliyotoka shuleni kwa mtoto wake. Mtoto yuko darasa la nane. Karatasi yasema kila mwanafunzi alete mradi wa sayansi wenye teknolojia ndani yake, uonyeshe matumizi ya umeme wa jua, na maelezo yake yapigwe chapa kwa kompyuta pamoja na picha. Muda ni siku nne. Ndugu yetu huyu hana kompyuta, na simu yake ni ile ya mulika mwizi. Akaenda sokoni kwa kijana wa saiba, akatoa shilingi 450, akapewa taa ndogo, betri, kipande cha sola na kurasa tatu safi zilizopigwa chapa. Mtoto akavibeba, akapata alama nzuri.

Ndugu yetu hakuja kulalamika juu ya zile 450, ingawa kwa mkata miwa fedha hiyo si mchezo. Alitaka kuuliza jambo moja tu: alama zile ni za nani? Za mtoto, zake yeye mzazi, au za kijana wa saiba?

Tuliguna, maana hatukuwa na jibu. Lakini swali lilitukaa rohoni, na ndilo lililotufanya tuandike.

Wengi wetu tulisoma zamani na hatujui mambo ya siku hizi yanavyokwenda, kwa hiyo kwanza tueleze. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku hizi mtoto hapimwi kwa siku tatu za kalamu peke yake. Akimaliza darasa la tisa hufanya mtihani uitwao KJSEA, na mtihani huo ni alama 60 tu katika mia. Alama 20 hutoka katika mtihani aliofanya darasa la sita, na 20 nyingine hutoka katika kazi alizofanya shuleni darasa la saba na la nane. Kazi hizo huwekwa na Baraza la Mitihani, lakini anayezisahihisha ni mwalimu wake mwenyewe, na ndani yake mna majaribio na miradi. Watoto wa kwanza walipita njia hii mwaka 2025, zaidi ya milioni moja, na Januari 2026 wakaingia darasa la kumi, huyu akapelekwa upande wa sayansi na ufundi, yule upande mwingine. Kwa hiyo alama hizi za shuleni si mapambo. Zinasaidia kuamua nani atakuwa mhandisi na nani hatakuwa.

Sisi hatuupingi mradi. Tena twasema wazi kwamba jambo hili limechelewa. Wako kati yetu watu waliofeli mtihani wa kalamu na leo wanafungua injini ya trekta na kuirudisha hali wamefumba macho. Yuko mwenzetu Rongo hajui kanuni ya umeme kwa maneno ya kitabu, lakini akisikia mota ikilia atakuambia ni waya gani umeungua. Mtihani wa zamani haukuwa na mahali pa kumpa mtu huyo hata alama moja. Basi shule ikisema sasa itapima na mikono ya mtoto, sisi ndio tungekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Lakini sisi pia tunajua namna ya kupima mikono, kwa sababu tumepimwa. Wengi mmefanya mtihani wa ufundi wa Serikali, gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Wengine walikwenda hata Kisumu kwa ajili yake. Mwashi akifika hupewa matofali, mwiko, kamba, timazi na pima maji, naye hujenga pembe mbele ya macho ya msahihishaji, saa ikienda. Je, mmewahi kumwona mwashi akija kwenye mtihani amebeba ukuta mgongoni, amejengewa na shemeji yake? Angefukuzwa langoni. Tena mtu hapewi gredi kwa sababu mwiko wake ni mpya kuliko wa jirani. Vyombo ni vya mahali pa mtihani, vifaa ni sawa kwa wote, na kazi hutazamwa inapofanywa. Hii ni haki ya fundi mtu mzima. Kwa nini mtoto wa miaka kumi na minne asiipate?

Wazee kidogo watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 tuliambiwa vile vile kwamba watoto watajifunza kazi za mikono. Wazazi wakachanga, wakajenga vyumba vya karakana, na baadhi ya vyumba hivyo havikuona hata nyundo. Na vile vikapu na fagio tulizopeleka shuleni, tuseme kweli, nyingi zilitoka sokoni, mama akaondoa bei, mtoto akaandika jina lake. Mwalimu alijua. Sote tulijua. Kazi za mikono zikawa kodi nyingine ya mzazi, na miaka ilipopita masomo yale yakapunguzwa, watu wakasema ati Mwafrika hapendi kazi za mikono! Sasa badala ya kikapu ni kipande cha sola. Tusipoangalia mwisho utakuwa ule ule.

Kosa hasa liko wapi? Sisi twaona liko katika kudhani kwamba teknolojia ni kile kitu kinachong'aa. Mtoto akileta kitu chenye waya na taa, watu hushangilia. Akileta kijiti chenye alama za kisu na daftari la namba, huonekana mshamba. Na huenda yule wa kijiti ndiye mwanasayansi.

Tutoe mfano wa hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2012 na 2015 watafiti wa ICIPE, ambao wana kituo pale Mbita, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Uswisi, walitia mitego ya mbu katika nyumba za kisiwa cha Rusinga. Mtego ulikuwa na feni ndogo ya umeme wa jua, na ndani yake harufu iliyotengenezwa ifanane na ya mwanadamu, mbu akidhani ni mtu akija ananaswa. Nyumba zilipata pia taa na mahali pa kuchajia simu, na watu walifurahi sana. Lakini sayansi haikuwa ile taa. Mitego haikutiwa nyumba zote siku moja. Ilitiwa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa, ili wenye mtego walinganishwe na ambao bado hawajapata. Watu wakapimwa damu, mbu wakahesabiwa. Ndipo ikajulikana kwamba malaria ilikuwa pungufu kwa kama asilimia 30 katika nyumba zenye mitego, na mbu wa aina moja kubwa wapungufu kwa kama asilimia 70. Bila kule kulinganisha na kuandika, ingebaki ni hadithi ya taa nzuri.

Na kwa kuwa tumetaja Rusinga, ndiko alikozikwa Tom Mboya, ambaye kila mwanachama anamjua kwa habari za vyama vya wafanya kazi. Wachache wanakumbuka kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi wa afya katika baraza la mji wa Nairobi, naye alikuwa akipima maziwa. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi bibi mmoja wa Kizungu alivyoingia na maziwa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu, na Mboya amesimama pale pale mbele ya vyombo vyake. Bibi yule hakuweza kuamini kwamba mikono ile ndiyo inayopima.

Basi mtoto wa Mbita au wa Muhuru apewe mradi gani? Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi wengi wana taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Kila mvuvi hulalamika kwamba betri yake imeanza kufa mapema. Haya, hapo pana mradi. Watoto watano wachukue betri moja mpya na moja kuukuu, wawashe taa zilizo sawa, kila nusu saa waandike kipimo mpaka zizimike, kisha warudie baada ya mwezi. Mita moja ya kupimia umeme yatosha darasa zima kwa zamu. Wakimaliza, wamejifunza habari za umeme iliyo katika kitabu chao cha darasa la saba, na mzee wa mashua naye amepata jibu la kumsaidia dukani. Au wasimike mti wenye alama ufukoni na kuandika maji ya ziwa yalipofika kila asubuhi. Watu wa Homa Bay walioona nyumba na bandari zao zikimezwa na maji mwaka 2020 hawatawacheka. Kompyuta ya shule, kama ipo, iingie hapo kwa kazi yake hasa, yaani kutunza namba na kuchora mistari yake. Serikali iligawa vibao vya kusomea zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi tangu mwaka 2016. Kama kimoja bado kinawaka kabatini kwa mwalimu mkuu, kitolewe kifanye kazi.

(Upande wa Nyatike tunaomba jambo moja. Mtoto asipewe mradi wa dhahabu wenye kugusa zebaki, hata kama baba yake anaishika kila siku. Baba naye asingeishika.)

Sasa tuje kwa mwalimu, kwa maana ni rahisi kumtupia yeye lawama. Mwalimu ni mfanya kazi kama sisi. Sekondari ya chini ilipowekwa ndani ya shule za msingi Januari 2023, madarasa mengi yalianza bila maabara, na mwalimu mmoja akajikuta anafundisha sayansi, kilimo na masomo ya ufundi pamoja. Wengi waliandikwa kuwa eti wanafunzi wa kazi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, nao wamehitimu kabisa. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema mpango huo haukuwa halali, na mwezi wa Mei walimu walikuwa barabarani. Tumesikia walimu wakisema kwamba wanapeleka alama za watoto kwa Baraza kwa bando la simu zao wenyewe. Mtu wa namna hiyo akiandika karatasi ya kusema "leteni mradi kutoka nyumbani," hafanyi hivyo kwa ubaya. Anatupa mzigo ambao yeye hawezi kuubeba peke yake, nao unaangukia mkata miwa.

Twataka basi mradi ufanyiwe shuleni, saa za shule, kwa vyombo vya shule, na Serikali inunue vyombo hivyo kwa fedha inayotoa kwa kila mtoto, si kwa barua ya siku nne. Kurasa za kupigwa chapa zisipewe alama hata moja. Alama zitoke kwa daftari la mtoto lenye mwandiko wake, na kwa mdomo wake: taa hii ikizima utatazama nini kwanza? Ifungue, uiunge tena, nikuone. Kijana wa saiba hawezi kujibu hapo kwa niaba ya mtu.

Tusijidanganye kwamba ni kazi nyepesi. Darasa lenye watoto 60, ukimpa kila mmoja dakika tano, ni saa tano nzima, na hilo ni somo moja tu. Kwa hiyo twasema watoto wafanye kwa vikundi, na mwalimu aulize mtoto mmoja asiyejua mapema kwamba ataulizwa yeye. Ndipo wote watakapojifunza. Na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi katika ratiba ya mwalimu, zisiwe sadaka. Vyama vya walimu vikidai hivyo, sisi wa vyama vingine tusimame nao, kwa sababu ni watoto wetu wanaongojea kwenye foleni.

Na sisi wenyewe tutatoa nini? Katika chama hiki mna mafundi wa umeme, makanika wa kiwandani na madereva. Mwalimu wa sayansi aliyesoma kwa vitabu tu anaweza kufurahi akipata fundi wa kusimama naye Jumamosi mbili kwa muhula, aonyeshe watoto namna ya kushika mita na mahali pa kutogusa. Hatuendi kusahihisha, hiyo si kazi yetu. Tunakwenda kusaidia, na tutakwenda bila malipo mara hizo mbili. Zaidi ya hapo tuzungumze.

Wajumbe wa Awendo, Rongo, Migori, Oyugis, Homa Bay na Mbita wanaombwa waulize katika mikutano ya wazazi maswali matatu: mradi wa muhula huu unafanyiwa wapi, vyombo vimenunuliwa na nani, na mtoto anaulizwa kwa mdomo au haulizwi. Majibu yaandikwe pamoja na jina la shule na yaletwe kwa katibu kabla shule hazijafungwa. Mafundi walio tayari kwa Jumamosi watoe majina yao kwa mjumbe wa tawi. Yule ndugu wa Awendo ameshaandikisha lake, ijapokuwa yeye ni mkata miwa. Alisema anataka naye aone ile taa inavyofunguliwa.