Kamera Haitungi Hadithi

Kila jioni, saa ya tamthilia ifikapo, nyumba nyingi za mji wetu wa Songea hugeuka kuwa kumbi za maonyesho. Kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, watoto huweka daftari kando, wazee husogeza viti, na jirani asiye na televisheni hubisha hodi. Sisi nasi tumo miongoni mwa watazamaji hao. Twalisema hili mapema ili tusidhaniwe kuwa wasomi wanaobeza starehe ya umma. Twazipenda tamthilia, na kwa kuwa twazipenda, hatuwezi kuunyamazia udhaifu wake.

Udhaifu huo haumo katika mitambo. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Tangu hapo vyombo vimeongezeka na picha zimekuwa angavu. Lakini hadithi je? Tajiri ana kimada. Mama mkwe ana chuki. Mtoto aliyepotea hutambuliwa kwa kovu. Fundo likishindikana kufunguliwa, mganga huitwa, au gari humgonga mwovu, na mambo yakaisha. Huko si kulitatua jambo, ni kulikimbia. Katika utunzi ulio bora tendo huzaa tendo, na mtu huangushwa na tabia yake mwenyewe, si na dereva asiyemjua.

Chanzo cha maradhi haya twakijua. Kwa muda mrefu michezo yetu mingi ya televisheni na filamu za video iliigizwa bila mazungumzo yaliyoandikwa. Mwigizaji alielezwa kisa kwa ufupi, kisha akabuni maneno papo hapo mbele ya kamera. Wapo wanaoitetea desturi hiyo kwa kusema kwamba hata ngano za jadi hazikuandikwa. Hoja hiyo ni ya haraka mno. Bibi aliyesimulia ngano kando ya moto aliisimulia mara nyingi, akiipunguza hapa na kuiongeza pale, mpaka ikanyooka. Mwigizaji wetu hupewa nafasi moja au mbili tu, kisha anachokisema huhifadhiwa pamoja na makosa yake yote.

Wengine husema, “Watu ndivyo wanavyotaka.” Sisi twauliza: wameandaliwa nini kingine wakakikataa? Mwaka 2012 ilipoonyeshwa Siri ya Mtungi, hadithi ya Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, watazamaji waliifuata ingawa ilibeba mafunzo ya afya. Waliifuata kwa sababu Cheche alikuwa mtu, mwenye tamaa na majuto yake, wala si bango la matangazo. Na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, imesomwa na vizazi vya wanafunzi kwa kuwa inathubutu kuuliza swali gumu: neno la mtu likishakuwa kubwa kumpita yeye mwenyewe, ni nani awezaye kulizuia?

Swali hilo latuhusu sisi wa Ruvuma kuliko wengi. Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, viliacha makaburi katika ardhi yetu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Wangoni, na miongoni mwa walionyongwa katika vita hivyo ni Mkomanile, mwanamke. Makumbusho ya Majimaji yamo mjini mwetu. Hata hivyo, kijana wetu aweza kukutajia wake wa sultani wa Istanbul, kwa kuwa amewaona katika tamthilia za Uturuki zilizotiwa sauti za Kiswahili, huku Mkomanile akiwa kwake jina la kujibia mtihani tu. Hatuwalaumu Waturuki. Wao wameketi, wakaandika habari za kwao, nasi tukanunua. Lawama ni yetu tuliokaa juu ya ghala lililojaa huku tukienda kukopa nafaka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na atunzwe mwandishi! Alipwe kabla kamera haijakodiwa, jina lake litajwe pamoja na la mwigizaji, na muswada wake usomwe na kukosolewa kabla ya siku ya kupiga picha. Hayo ni ya watengenezaji. Walimu nao wana lao: wasiwakataze wanafunzi kutazama, bali wawaagize watazame na kalamu mkononi. Asubuhi wawaulize: kwa nini yule mama alisema uongo? Je, sisi tuliotazama tuliamini? Kama hatukuamini, liandike upya onyesho hilo.

Mwanafunzi atakayeweza kuliandika upya hatadanganyika tena kwa mavazi na magari. Na huenda siku moja ndiye atakayetuandikia Mkomanile, nasi tukaketi jioni hapa Songea kumtazama.