TUBISHANE JUU YA HADISI, TUACHE SANDUKU



Kila mtu wa internati anajua maneno yaliyotokea katika chumba cha kulia mwezi uliopita. Benchi moja ilivunjika, vijana wawili wa kalasi ya ine hawasalimiane mpaka leo, na Bwana Direkteri wa nidhamu amesema ya kwamba jambo hili likitokea mara ya pili, atakataza mazungumzo yote juu ya michezo ya video ndani ya internati. Sisi wakubwa wa kalasi ya sita tuliombwa kutoa maoni. Tunayaandika hapa kusudi kila mtu ayasome, hata wale ambao hayatawapendeza.

Ugomvi ule ulikuwa juu ya nini? Haukuwa juu ya chakula wala juu ya mpira. Upande mmoja wako wanasema PlayStation ndiyo mashine, upande mwingine wako wanasema Xbox. Tuliwaita wote, tukawauliza mmoja mmoja: kwenu kuko konsoli? Katika vijana 11, hakuna hata mmoja ambaye kwao kuko konsoli mpya. Wawili wako na wajomba wenye PlayStation 2 ya zamani. Na yule mkubwa wa upande wa Xbox, aliyekuwa anapiga makelele kupita wote, hajashika maneti ya Xbox hata siku moja. Aliiona kwa simu ya yaya wake. Tulicheka, naye akacheka kidogo. Lakini benchi imevunjika, na wazazi watalipa.

Tusidanganyane. Sisi pia tunapenda michezo hii, na zaidi tunapenda ile yenye hadisi. Mchezo wa mpira unaisha kwa dakika kumi, unalipa, unatoka. Mchezo wa hadisi ni kama kitabu kikubwa ambacho wewe mwenyewe unatembea ndani yake: usipofungua mlango, mlango haufunguke, ukiogopa kuvuka mto, hadisi inasimama inakungojea. Inaomba saa 20, saa 40, hata zaidi. Na hapa kwetu nani ana saa 40? Katika sale ya michezo mjini tunalipa kwa mechi ao kwa dakika. Mwenye sale anapenda mpira, kwa sababu watu wengi wanapokezana na faranga zinaingia. Wewe unayetaka hadisi unamharibia kazi. Tena kuko shida ya kadi. Kadi ya PlayStation 2 inashika mega 8 tu, na mtaa mzima unaandika juu ya kadi moja. Unarudi Jumamosi ingine, unakuta mtu amefuta safari yako yote kusudi apate nafasi ya ekipe yake. Unaanza tena mwanzo. Kisha umeme unakatika.

Ndiyo maana hadisi nyingi tunazojua hatukuzicheza, tulisimuliwa. Kila mwanzo wa mwaka kuko mmoja anayetoka likizo Lubumbashi ao Bukavu, ambako binamu yake iko na mashine nyumbani. Huyo anakuwa mtu mkubwa kwa wiki tatu. Usiku, taa zikiisha kuzimwa, anasimulia kipande kimoja, na anajua kusimama pale panapouma. Ukitaka kujua kesho itakuwa nini, toa beignet. (Wengine wamenenepa kwa kazi hii, hatutaji majina.)

Ndivyo tulivyopata hadisi ya Final Fantasy VII, mchezo uliotoka Japani mwaka 1997 kwa plate tatu. Kuko binti mmoja anaitwa Aerith, anauza maua katika mji wa moshi na vyuma. Unatembea naye, unapigana pamoja naye, unamzoea. Mwisho wa plate ya kwanza, adui anayeitwa Sephiroth anashuka na upanga mrefu, anamuua akiwa amepiga magoti. Cloud, kijana unayemwongoza wewe, anambeba na kumlaza ndani ya maji. Wachezaji wa dunia nzima walitafuta miaka mingi njia ya kumrudisha, hawakuipata. Msimulizi wetu alipofika pale, chumba chote kilinyamaza. Kisha mdogo mmoja wa kalasi ya pili akauliza gizani: «Yaya, hata ku plate ya tatu harudi?» «Harudi.» Hakuna aliyeuliza usiku ule mchezo ulikuwa wa sanduku gani.

Sasa kwa sababu mnapenda masanduku, sikieni. Final Fantasy sita za kwanza zilitoka zote kwa mashine za Nintendo. Ile ya saba ilikuwa kubwa mno. Kaseti za mashine mpya ya Nintendo hazikuweza kuibeba, plate za Sony ziliweza. Basi hadisi ikahama nyumba, na wapenzi wa Nintendo wakaona wamesalitiwa. Lakini mwaka 2019 mchezo ule ule ulitoka kwa Nintendo Switch, na kwa Xbox One pia. Tunawauliza ndugu zetu wa pande mbili: Aerith ni wa nani?

Na hizi kampuni zenyewe, mnafikiri zinachukiana kama ninyi? PlayStation ilizaliwa kwa mapatano yaliyovunjika. Mwaka 1991, huko Chicago, Sony ilitangaza mashine itakayofanya kazi pamoja na Nintendo. Kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba inakwenda na Philips. Sony ikaendelea peke yake, na PlayStation ikatoka Japani mwezi wa 12 mwaka 1994. Kabla ya hapo vita ilikuwa kati ya Sega na Nintendo, na watoto wa Marekani waligombana mashuleni juu ya Sonic na Mario sawasawa na ninyi. Mwaka 2001 Sega iliacha kutengeneza konsoli, na mwaka ule ule Sonic akaingia ndani ya mashine ya Nintendo. Mwaka 2007 Sonic na Mario walikimbia pamoja katika mchezo mmoja wa Olimpiki. Wale watoto waliopasuana midomo kwa ajili yao walikuwa wamekuwa watu wazima. Halo nayo, iliyotoka pamoja na Xbox ya kwanza mwaka 2001 na kuwa bendera yake, mwaka 2025 ilitangazwa kwamba itafika kwenye PlayStation. Wenye kampuni wanakaa mezani, wanahesabu, wanapatana. Sisi huku chini tunavunja benchi.

Kuko neno lingine ambalo mtoto wa Kongo hapaswi kulisahau akianza kusifu sanduku. Katika simu, kompyuta na konsoli hutumika madini ya tantali, nayo yanatoka katika koltani, ile inayochimbwa Rubaya na mahali pengine pa Kivu. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana ulimwenguni. PlayStation 2 ilitoka mwaka ule ule, na watu wengi waliishtaki, ingawa si yenyewe tu iliyotumia madini hayo. Wamoja wetu wako na baba ao yaya waliokwenda kuchimba. Udongo ni mmoja, uende kwa Sony ao kwa Microsoft. Kupigana na mwana wa jirani yako ili kujua sanduku lipi ni zuri zaidi, na hakuna lililorudi kwenu, sisi tunaona ni ajabu kubwa.

Lakini hatusemi kwamba watu wasibishane! Ubishi mzuri kuliko wote tuliousikia hapa ulitoka katika mchezo. Ni The Last of Us, wa mwaka 2013. Ugonjwa wa uyoga umeharibu dunia, watu wanageuka wanyama. Mzee mmoja, Joel, ambaye binti yake aliuawa mwanzoni, anapewa kazi ya kumvusha Amerika msichana anayeitwa Ellie, kwa sababu ugonjwa haumwezi. Katika safari anakuwa kama mtoto wake. Mwishoni wanafika hospitali, waganga wanasema dawa itapatikana katika ubongo wake, lakini atakufa. Joel anawaua, anambeba msichana, na akiamka anamdanganya juu ya yote yaliyotokea. Hadisi inaishia hapo.

Wapenzi, tulibishana siku ine. Wamoja wakasema: mzazi gani angefanya kingine? Wengine: ameiba dawa ya dunia nzima kwa ajili ya moyo wake mwenyewe. Mmoja akasema kosa kubwa si kuua, ni uwongo, kwa sababu Ellie hakuulizwa na waganga wala na Joel. Hata Mwalimu wa Kifaransa, aliyekuwa zamu, alisimama mlangoni akasikiliza, kisha badala ya kutufukuza akauliza swali. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Ubishi ulikuwa na chakula ndani yake. Ule wa sanduku unaisha kwa neno la pili: «Weye hujue kitu!» «Weye njo hujue!» Baada ya hapo kimebaki nini cha kusema? Inabaki mikono.

Ajabu ni kwamba hadisi ile iliendelea mwaka 2020, na sehemu ya pili ilikuwa juu ya ugonjwa huu wetu. Binti wa yule mganga aliyeuawa na Joel, jina lake Abby, amekua, anakuja kulipiza. Anamuua Joel. Ellie anamfuata ili alipize naye. Katikati ya mchezo unanyang'anywa Ellie, unapewa Abby uongoze: unaona rafiki zake, unaona ndoto zake za usiku, unamwona baba yake akiwa mzima. Yule uliyemchukia saa nyingi, sasa vidole vyako ndivyo vinavyomkinga asife. Na wapenzi wa mchezo walifanya nini? Wamoja wao walimwandikia Laura Bailey, mwanamke aliyemtolea Abby sauti, barua za kutisha kwamba watamuua. Yeye alisoma maneno aliyopewa, basi. Watu hao walipita katika hadisi yote, wakafika mwisho, na hawakuisikia. Tunaogopa kuwa sawa na hao kuliko tunavyoogopa azabu ya kufagia kiwanja.

Kwa hiyo, Bwana Direkteri, kwa heshima yote, tunaomba usikataze mazungumzo. Waliovunja benchi waadhibiwe kwa benchi. Ukifunga midomo, wapiganaji watabaki na sanduku lao moyoni, kwa sababu sanduku halihitaji maneno mengi. Hadisi ndizo zitakazokufa. Tunajua Walimu wamoja wanasema michezo hii inafundisha kuua na inakula wakati wa masomo. Juu ya wakati, wana haki, na sisi wenye Eksamen ya Serikali mbele yetu tumekwisha kujikataza mpaka mwezi wa saba. Juu ya damu: The Last of Us iko na alama ya 18 juu ya sanduku lake Ulaya, na alama hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Mtoto wa kalasi ya kwanza hana kazi ya kuitazama katika sale ya mjini. Asimuliwe, na msimulizi aruke pale pa kuruka.

Tumepatana na kapita wa kila chumba hivi. Jumamosi, baada ya chakula, mpaka saa tatu na nusu, msimulizi mmoja atapewa kiti mbele ya chumba cha kulia, na wasichana wa internati wakaribishwe pia, maana kuko wawili kati yao wanaojua hadisi kutupita. Kila mtu anaweza kumkatiza na swali. Atakayetaja jina la kampuni ataosha sahani za meza yake. Beignet zimekatazwa kabisa kama malipo. Wale wawili wa kalasi ya ine wataanza: mmoja anajua vizuri mwanzo wa Final Fantasy VII, mwingine amesema yeye peke yake ndiye anayejua plate ya tatu. Itawabidi wapatane juu ya ile ya pili.

Kapita mkuu wa wanafunzi, kwa niaba ya wakubwa wa kalasi ya sita