Pua Haitoshi

Mama mmoja wa Mudzipela, hapa Bunia, anatuuliza hivi: "Chumba yetu ya nyuma iko tupu tangu kijana yetu alirudia Mongbwalu. Zamani alikuwa anachomea zahabu yake mule. Sasa nataka kupanda uyoga ndani. Hewa ipite wapi, na majirani wasilalamike juu ya harufu?"

Asante, mama. Tujibu pamoja na wasomaji wote wanaofikiri kupanda pleroti, ule uyoga wa kofia pana unaoota katika mifuko ya majani makavu ya mupunga au ya maharagi.

Ujue kwanza kwamba uyoga hupumua kama sisi. Majuma mawili hadi manne ya mwanzo, mbegu inapotambaa ndani ya mifuko, haidai mengi: giza, na joto la digrii 25 hivi. Lakini vichwa vikianza kutokea, jaribu kufunga chumba uone! Miguu inarefuka, kofia zinabaki ndogo kama vifungo vya shati. Hapo uyoga unakuambia: "Mama, fungua, nakosa pumzi."

Basi fanya hivi. Ukuta mmoja, toboa matundu mawili karibu na sakafu. Ukuta wa pili, toboa mawili juu, chini ya manjanja. Hewa baridi inaingia chini, hewa ya joto inatoka juu, bila mashini wala umeme. Funika kila tundu kwa kipande cha chandarua, inzi wasiingie. Wakati wa kiangazi upepo unakausha. Tundika gunia bichi mbele ya matundu ya chini, na umwage maji sakafuni asubuhi na mchana.

Sasa harufu. Chumba kizuri kinanuka kama udongo wa pori baada ya mvua. Ukisikia harufu kali kama ya mkojo, inayowasha macho, ni kwamba uliweka pumba au mbolea nyingi mno. Ukisikia uchachu au kuoza, majani yalilowa kupita kiasi ao hayakupikwa sawasawa. Yapike katika maji ya digrii 70 au 80 kwa saa moja hadi mbili, kisha uyakamue mpaka ukifinya ngumi yatoke matone machache tu. Mfuko wenye ukungu wa kijani utolewe nje bila kufunguliwa. Usinyunyize marashi. Ondoa kinachooza, na majirani watanyamaza.

Lakini tusidanganyane: pua haitoshi. Kuna mabaya matatu ambayo pua haiyajui.

La kwanza ni unga mwembamba unaodondoka kofia zikizeeka. Anayeuvuta kila siku anaweza kupata kikohozi, homa na kubanwa kifua. Vuna kabla ukingo wa kofia haujapinduka juu, vaa barakoa, na mtu asilale mule.

La pili ni jiko la makala. Usiku wa baridi usiliingize "kupasha uyoga joto". Hata moshi ukiisha, kunabaki hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo imeua watu wengi usingizini.

La tatu ni letu sisi, watu wa zahabu. Mama, rudia barua yako. Mahali pale palichomwa zahabu, na zahabu huchomwa pamoja na zebaki. Mvuke wake hauna harufu. Hushika ukutani, sakafuni na juu ya manjanja, ukakaa muda mrefu. Chumba kikipata joto, unatoka tena. Na uyoga ni mnywaji: huvuta vyuma vya namna hii na kuviweka mwilini mwake. Utauza sokoni, watoto wa wenzio watakula.

Kwa hiyo chumba hicho, hapana. Hata ukitoboa matundu kumi, hapana. Wala wajukuu wasilale ndani. Jenga kibanda kidogo cha miti na matope upande mwingine wa kiwanja, penye kivuli, na mifuko yako michache itatosha kuanza.

Naye kijana akirudi na zahabu yake, mwambie asichomee tena nyumbani. Achomee nje, mbali na watu, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha zebaki. Akikujibu, "Lakini mama, hainuki kitu," nawe mwambie: ndiyo sababu naiogopa.