Jiko la mkaa libaki Tukuyu

Kuna kitu nimekuwa nikikikwepa kukiandika tangu Julai mwaka jana kwa sababu kinanitia aibu. Leo nakiandika, maana wiki iliyopita jamaa yangu mmoja wa kazini kanipigia: "Kaka, wikiendi ndefu tunakwenda kupiga kambi Rungwe, tuko sita. Tayari tumenunua wavu wa kuchomea nyama na gunia dogo la mkaa. Nini kingine?" Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Mwaka jana tulikuwa wanne. Wenzangu watatu ni watu wa Dar, mimi ni mtoto wa Tukuyu, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mtaalamu wa safari. Nikasema tubebe jiko la mkaa. Si ndilo tulilokulia? Tulipata kibali cha watu wa misitu, tukapata mzee mmoja wa kutuongoza, tukapanda kwa upande wa Isongole hadi jioni. Mzee alipoliona lile jiko la bati likining'inia kwenye begi langu alilitazama tu, akaendelea kutembea.

Wadau ambao hamjafika Tukuyu, naomba niwaeleze kidogo. Sehemu za Rungwe hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, na hata Julai, ambako kwa kalenda ni kiangazi, ukungu unashuka saa kumi jioni na kila kitu kinalowa bila hata kunyeshewa. Mlima wenyewe unapita mita 2,900. Mkaa wetu ulikuwa kwenye kiroba. Ulipofika juu ulikuwa na unyevu kama sponji. Tulipuliza zamu kwa zamu karibu saa nzima, macho mekundu, wali ukatoka nusu mbichi. Maana huko juu, hata ukifanikiwa kuchemsha, maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Maharage usiyafikirie kabisa.

Moto ulipokubali, baridi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa na manyunyu yameanza. Mwenzetu mmoja akasema tuingize jiko hemani, makaa si yamekolea, hayatoi moshi tena? Tukaliingiza, tukafunga zipu.

Sikumbuki nililala saa ngapi. Nakumbuka mzee akitukana kwa Kinyakyusa huku akivuta miguu ya mtu. Wawili tulitoka wenyewe kwa kutambaa, kichwa kinagonga kama nyundo. Wa tatu alikuwa anatapika. Wa nne, yule aliyetoa wazo la kuingiza jiko, alikuwa hasemi. Tulimlaza nje kwenye majani mabichi, mvua inampiga usoni, na ilichukua muda ambao sitaki kuukadiria mpaka akaita jina la mama yake.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeshaandika, tena zaidi ya mara moja, habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na jiko la mkaa. Zile habari za aya nne za ukurasa wa ndani, "Kamanda wa Polisi wa mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo". Najua kwamba ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na kwamba huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nilikuwa nayajua yote haya, nikafunga zipu.

Kwa hiyo naona kushauri tu "usiingize jiko la mkaa hemani" hakutoshi. Ukishalibeba kwenye mlima wa baridi na mvua, kuliingiza ndani ni suala la saa tu. Utachoka na utatetemeka, na litakuwa pale mlangoni linang'aa vizuri. Libaki mjini.

Halafu kuna msitu. Kipunji, yule nyani ambaye wanasayansi walimtambua mlimani Rungwe mwaka 2003 (wawindaji wa kule walikuwa wakimjua zamani), anaishi hapo, Livingstone upande wa Kitulo, na Ndundulu huko Udzungwa. Basi, duniani kote hana kwingine. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata takriban 1,100 tu. Na sisi tunapanda nyumbani kwake na makaa ya moto ambayo asubuhi tunayamwaga kichakani kwa sababu "yamezima".

Msiseme msitu mbichi hauungui. Kilimanjaro nako ni mlima wa mawingu, na Oktoba 2020 uliungua kwa siku nyingi. TANAPA walisema wakati ule kwamba taarifa za awali zilionyesha moto ulianzia eneo la Whona, kwa wapagazi waliokuwa wakiwapashia wageni chakula. Kupasha chakula tu, jamani.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Mama wa kijiji cha pembeni akikutwa na mzigo wa kuni mgongoni ataulizwa maswali. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, na mzigo mkubwa wa kubadilika utabebwa na huyo huyo mama. Wakati huo vijana sita wenye digrii wanachoma gunia usiku mmoja kwa ajili ya picha. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji imekula kilo saba au zaidi za kuni. Piga hesabu ya gunia.

Haya, tubebe nini? Inategemea gari linaishia wapi.

Kama mnalala pale gari linapofika, uwanjani kwa mtu aliyewakaribisha, chukueni mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu, ule ule wa geto. Unapatikana na kujazwa mjini Tukuyu, unawaka kwa kiberiti kimoja, hauachi majivu. Ila msidanganyike na hiyo "kilo 6". Hiyo ni gesi peke yake, ukiongeza chuma unazidi kilo 12, na mimi simtakii adui yangu kuupandisha Rungwe. Vile vimitungi vidogo vya kufungia jiko la kukunja ni vizuri sana kwa uzito, lakini Tukuyu sijaviona vikiuzwa, kwa hiyo nunueni kabla hamjaondoka, tena nunueni kwa njia ya basi, maana ndege haivipakii. Mjue pia kwamba gesi ya butane inazembea kwenye baridi. Kimtungi kikae ndani ya blanketi usiku.

Mimi binafsi nimerudi kwa wazee. Jiko la pampu la mafuta ya taa, lile la shaba waliloliita stovu. Msweden Lindqvist ndiye aliyeanzisha aina hiyo mwaka 1892, na Hillary na Tenzing walipanda Everest na Primus mwaka 1953, kwa hiyo Rungwe halishindwi. Linapiga kelele, linataka sindano ya kuzibua tundu na uvumilivu wa kulipasha kwanza, lakini upepo na baridi havilitishi. Lita moja ilitutosha watu wanne siku mbili. Tatizo ni mafuta yenyewe. Tangu bajeti ya 2011/12 ilipopandisha ushuru ili kukomesha uchakachuaji, mafuta ya taa si yale ya kukuta kila kibanda, basi jazeni mjini. Lile la utambi, la mchina, liacheni. Upepo kidogo linazima, likipinduka limemwaga mafuta kwenye mchele.

Lolote mtakalobeba, pikieni nje, chini ya turubai lililoinuliwa, na mpike vitu vinavyoiva haraka. Mchele ulolowekwe kabla. Chapati zipikwe chini. Maparachichi ya Rungwe hayahitaji jiko lolote, na ndizi mbivu ndiyo hivyo hivyo.

Na wavu? Najua nimegusa pabaya. Nyama choma naipenda kuliko wengi mnaosoma hapa. Lakini nyama nzuri inataka makaa mengi, saa mbili, na mtu asiyetetemeka, na hivyo vyote viko bondeni. Mkishuka, simamisheni gari mjini, mtakuta mtu mwenye pipa lake lililopasuliwa katikati, anayejua kazi. Mchangieni huyo.

Yule mzee wetu tulimpa jiko la bati asubuhi ile, mimi mwenyewe nilimkabidhi. Akasema "ndaga fijo", akaligeuza kuangalia kama lina tundu, akaniambia mkewe atalitumia jikoni, dirisha likiwa wazi. Hakuongeza neno. Jamaa yangu wa kazini nimempa namba yake, na gunia lile la mkaa nimesikia amemwachia dada yake Mbeya.