Kuona Viwili Si Ulevi Tu

Uko stejini Kitale ukingoja matatu ya Bungoma, mara waona mbili zimepandana. Wenzako watacheka, wadhani umetoka kwa mama pima.

Funika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Ikiwa jicho moja peke yake bado laona viwili, huenda ni mtoto wa jicho. Hilo laweza kungoja siku ya kliniki. Vikitoweka ufunikapo jicho lolote, macho hayaelekei pamoja. Kila jicho huzungushwa na misuli 6, na mishipa yake ya fahamu huharibiwa na sukari, presha au pigo la kichwa (ajali za bodaboda tunazijua). Hali ikianza ghafla, hasa kichwa kikiuma au kope ikishuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usukani mwachie mwingine.