Kiti cha Spika Si Mali ya Mkoa

Nyanda za Juu Kusini zina haki ya kujivunia mchango wao katika Bunge la nchi yetu. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikuwa Spika kuanzia 1962 hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994. Ndugu Anne Makinda, aliyechaguliwa wakati Njombe ingali sehemu ya Mkoa wa Iringa, alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, kuanzia 2010 hadi 2015. Dk. Tulia Ackson wa Mbeya aliushika kuanzia Februari 2022 hadi 2025.

Novemba 2025 Dk. Tulia alijitoa katika kinyang'anyiro ndani ya CCM, na tarehe 11 mwezi huo Bunge likamchagua Ndugu Mussa Azzan Zungu, Mbunge wa Ilala. Si ajabu basi wafuasi wa chama wakitofautiana. Mwanachama wa Mbeya anaweza kuona kwamba mkoa wake umepoteza. Mwenzake wa Iringa anaweza kumjibu kwamba uongozi hupokezanwa, na kwamba hata Iringa ilipokea ikaachia.

Kwa maoni yetu, wote wawili wanabishana juu ya jambo lisilo la msingi. Ibara ya 84 ya Katiba inasema Spika huchaguliwa na Wabunge, naye ndiye kiongozi wa Bunge. Haitaji mkoa wala kabila. Lililo la msingi ni hili: je, Wabunge wanaompigia kura Spika wanapewa nafasi ya kuchagua?

Tukumbuke mwaka 2010. Marehemu Samuel Sitta alikuwa amemaliza miaka mitano ya uspika. Katika muda huo Kamati Teule ya Bunge, iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela mkoani Mbeya, ilichunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Februari 2008 Waziri Mkuu, marehemu Edward Lowassa, akajiuzulu. Sitta alitaka kuendelea, lakini Kamati Kuu ya CCM ilipitisha majina matatu ya wanawake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Wabunge wa chama wakamteua Ndugu Makinda, naye akamshinda Ndugu Mabere Marando wa CHADEMA.

Mfuasi wa Kyela aliyethamini kazi ya Kamati ile alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini Sitta ameachwa. Mfuasi wa Njombe naye alikuwa na haki ya kufurahi kwamba mwanamke mwenye uzoefu wa Naibu Spika amepewa dhamana. Hoja zote mbili zilistahili kupimwa na Wabunge. Lakini ile ya kwanza haikuwafikia, kwa maana jina la Sitta halikufika mbele yao.

Mwaka 2022 njia ilizidi kuwa nyembamba. Marehemu Job Ndugai alijiuzulu tarehe 6 Januari, siku chache baada ya matamshi yake juu ya mikopo ya Serikali kuzua mgogoro. Wanachama zaidi ya 60 walichukua fomu. Kamati Kuu ikarudisha jina moja. Tarehe 1 Februari Dk. Tulia akapata kura zote 376, na wagombea wa vyama vingine hawakuambulia hata moja.

Hatutilii shaka uwezo wake. Ni mwanasheria, alikuwa Naibu Spika tangu 2015, na Oktoba 2023 alichaguliwa kuongoza Umoja wa Mabunge Duniani. Lakini kura ya siri ambayo matokeo yake yanajulikana mapema haimwimarishi hata anayeshinda. Spika ndiye anayepaswa kumlinda Mbunge anapomhoji Waziri. Akijua kwamba kiti amepewa na kikao cha wachache, atawaangalia hao kabla ya kuliangalia Bunge. Na katika Bunge ambalo karibu viti vyote ni vya chama kimoja, asipokuwapo Spika wa namna hiyo, Serikali itahojiwa na nani?

Jambo hili linawagusa ndugu zetu wa Visiwani pia. Majimbo ya Zanzibar yana Wabunge wake katika Bunge la Muungano, na Baraza la Wawakilishi hupeleka humo wajumbe watano. Hao ni wachache kwa idadi. Kinga yao ni Spika anayesimamia Kanuni bila kuhesabu nani katoka wapi. Tukiizoea lugha ya kwamba kiti ni cha Mbeya, cha Iringa au cha Dar es Salaam, tutamjibu nini Mzanzibari atakapouliza fungu lake?

Tunakiomba Chama Cha Mapinduzi kiwapelekee Wabunge wake zaidi ya jina moja kila mara, na kitangaze sababu za kuwaacha wanaoachwa. Tunawaomba watumishi wa Serikali mikoani wajiepushe na kampeni za nani awe Spika. Na wafuasi wa Mbeya na Iringa tunawaambia waendelee kubishana, lakini wabishane juu ya kazi ya mgombea na uhuru wa mpiga kura. Cheo ni dhamana, na dhamana hii ni ya Watanzania wote.